Mlimau Unaobeba Wenzake

Mafundi wa vitalu vya Muheza wana neno lao. Kulikata jicho la mchungwa na kulipachika kwenye shina la mlimau wanakuita kubebesha. Vitabu vingi husema kupandikiza, na si kosa, lakini kubebesha kuna ukweli zaidi. Mtu akibeba, amebeba mwenyewe. Akibebeshwa, kuna aliyemtwika. Machungwa mengi yanayopakiwa kwenye malori mkoani Tanga, yakaenda Dar es Salaam au yakavuka mpaka kwenda Kenya, yamelelewa na mizizi ya mlimau ambao mlaji hatauona wala kuuliza habari zake.

Neno hilo limenikaa kichwani tangu nilipoanza shahada ya uzamili ya historia, kwa sababu katika ua wa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Muheza, kuna mti mmoja uliobebeshwa mara nne. Shina ni la mlimau wa kienyeji, ule wenye miiba na matunda ya ganda la makunyanzi. Juu yake kuna tawi la machungwa ya Msasa, yanayowahi kuiva. Tawi la Valencia, yanayochelewa. Tawi la machenza. Na tawi la ndimu, upande wa jikoni, ili mpishi asitembee mbali. Wageni hupenda kuupiga picha. Wengine huandika chini ya picha maneno kuhusu umoja: matunda manne, mti mmoja, kwa nini sisi binadamu tushindwe? Mjomba, aliyekuwa bwana shamba mpaka alipostaafu, husomewa maneno hayo akacheka. "Hawa hawapendani," huniambia. "Nikiwaacha misimu mitatu tu, ndimu atawamaliza wenzake wote."

Nimekuwa nikisoma historia ya matunda haya nikiwa na kicheko hicho masikioni, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba mjomba yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wapiga picha.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini jambo hili linawezekana? Chini ya gome la mti hai kuna utando mwembamba, wenye unyevu, unaozalisha mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Utando wa jicho ukigusana na utando wa shina, na vyote vikafungwa visikauke, chembe hai za pande mbili hushikana na njia za maji na chakula huungana. Lakini hazishikani ovyo. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba aliuona mti karibu na maporomoko ya Tibur uliobeba kila namna ya tunda: zabibu, tini, peasi, komamanga, tofaa. Aliongeza kwamba mti huo haukuishi sana. Wataalamu wa mimea wa leo wangemwambia kwamba mizabibu na mitini haiwezi kushikana kweli na shina la mtofaa, maana ni koo zilizoachana zamani mno. Michungwa inaweza kubebana kwa sababu ni ndugu.

Na undugu wenyewe ni wa karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya jamii ya michungwa, ulioonyesha kwamba ukoo huu ulianzia kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Himalaya. Wazee wake wakuu ni wachache: furungu, chenza, utruji lenye ganda nene, na jamaa wengine wa porini. Waliobaki ni watoto wa ndoa zao. Chungwa tamu lina damu ya furungu na chenza. Danzi, lile chungwa kali la achari, nalo ni mtoto wa furungu na chenza. Limau la sokoni ni mtoto wa danzi na utruji. Mlimau wa kienyeji, ule wa shina la mjomba, ni wa chenza na utruji. Kwa hiyo tawi la chenza lililokaa juu ya shina lile limebebwa, kwa namna fulani, na mtoto wake mwenyewe.

Pwani yetu haikuanza jana na ukoo huu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alitaja ndizi, malimau na matruji miongoni mwa miti ya kisiwa, na kabla ya hapo, Mogadishu, alikuwa ameandaliwa malimau ya achari pamoja na chakula. Miaka 167 baadaye, Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, mtawala wa mji aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mwaka uliofuata, Januari 1499, Wareno hao walirudi kutoka India wakiwa hoi kwa kiseyeye, na walipofika Malindi walimtuma mtu wao pwani alete machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Duarte Barbosa, aliyeandika katika miongo ya kwanza ya karne ya 16, alitofautisha machungwa matamu na makali ya Mombasa.

Hayo makali ndiyo tunayoyaita madanzi. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, aliliweka danzi mbali na chungwa, chenza na kangaja, akaongeza kwamba lilihesabiwa kuwa ndilo chungwa la asili la Zanzibar. Kila ninapolikuta neno asili katika maandishi ya pwani huwa naweka alama ya penseli pembeni. Danzi lilivuka bahari kama wenzake. Lilichokuwa nacho ni kutangulia tu, na kutangulia, watu wakishasahau siku ya kufika, hugeuka kuwa asili.

Mingi kati ya miti hiyo ya zamani huenda iliota kwa mbegu, na hapa kuna ajabu nyingine ya ukoo huu. Mbegu moja ya chungwa mara nyingi hubeba viinitete kadhaa, na vingi ni nakala ya mama yao. Ukipanda mbegu ya chungwa zuri una nafasi kubwa ya kupata chungwa zuri. Kwa nini basi watu walihangaika na visu na tepe? Kwa sababu mti wa mbegu huchelewa kuzaa, mara nyingi miaka saba au zaidi. Huota miiba mirefu. Na huja na mizizi yake mwenyewe, iwe imara au dhaifu. Maarifa ya kubadili mizizi ni ya zamani. Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo ambacho ndani yake kuna sura nzima ya kupandikiza. Mwaka 1674 Pietro Nati alichapisha maelezo ya mti wa Florence uliozaa tunda ambalo upande mmoja lilikuwa utruji na upande mwingine danzi. Lilitokana na pale tawi na shina vilipoungana, chembe za wazazi wawili zikakua kwa pamoja katika chipukizi moja. Hata hapo hawakuchanganyika. Kila chembe ilibaki ya ukoo wake, zimelala ubavu kwa ubavu ndani ya ganda moja.

Kuna tunda lisiloweza kuishi bila kubebwa: chungwa la kitovu, ambalo halina mbegu. Mwaka 1870 William Saunders wa idara ya kilimo ya Marekani alipokea miti 12 ya chungwa hilo kutoka Bahia, Brazil. Mwaka 1873 michache ya uzao wake ilifika Riverside, California, kwa Eliza Tibbets, na kutoka katika ua wa nyumba yake macho yalikatwa na kupelekwa kila mahali, hata yakajenga biashara nzima ya California. Mmoja wa miti yake bado umesimama Riverside. Sehemu ninayoipenda ni hii: mti huo uliugua mizizi, na mwaka 1918 wataalamu walipanda miche michanga kuuzunguka, wakaziunganisha ncha zake na shina la mzee. Wakarudia tena mwaka 1951. Mzee akapewa miguu mipya huku amesimama. Nilipomsimulia mjomba, hakushangaa mti. Aliuliza, "Nani alikuwa akimwagilia ile miche?"

Lakini historia ya kubebesha ina upande wake wa msiba. Katika karne ya 19 ugonjwa wa kuoza mizizi na gome uliangamiza michungwa ya visiwa vya Azores na baadaye nchi za Mediterania. Wakulima waligundua kwamba mdanzi unauhimili ugonjwa huo, wakaanza kuibebesha michungwa yao juu ya midanzi. Dawa ilikuwa nzuri, ikaenea dunia nzima, na mamilioni ya miti ikawa imesimama juu ya mzizi wa namna moja. Kisha, katika miaka ya 1930 na 1940, michungwa ya Argentina na Brazil ilianza kunyauka. Wabrazili waliuita ugonjwa huo tristeza, yaani huzuni. Mwaka 1946 ikaonyeshwa kwamba vidukari ndio wanaousambaza, na ikaja kujulikana kuwa ni kirusi. Mchungwa uliokaa juu ya mdanzi ulipoambukizwa, njia za chakula chini kidogo ya maungio ziliziba. Majani yaliendelea kutengeneza chakula, mizizi ikafa njaa. Mdanzi peke yake haukufa. Mchungwa juu ya mlimau haukufa. Kilichoua ni ule muungano, kwa sababu haukuwahi kuulizwa swali hilo kabla ya kuenezwa duniani kote.

Ndiyo maana shina la mjomba ni mlimau, na ndiyo maana anautunza mti wake kama mtu anayesuluhisha ndugu wenye kesi. Nimeandika taratibu zake kwenye daftari, maana hazimo katika nyaraka zozote ninazosoma chuoni.

Cha kwanza ni maungio. Lazima yabaki juu ya udongo kwa shibiri moja au zaidi. Matandazo ya nyasi kavu yanatandazwa kuzunguka mti lakini hayagusi shina, kwa sababu unyevu ukikaa kwenye gome, kuoza kunafuata. Samadi inawekwa kwenye duara chini ya ncha za matawi, ambako ndiko mizizi inayokula ilipo, wala si shinani kama watu wengi wanavyofanya.

Cha pili ni maotea. Mlimau hausahau kwamba ni mlimau. Kila baada ya mvua hutoa vichipukizi chini ya maungio, vyenye miiba, vyenye haraka. Mjomba huving'oa kwa mkono vikiwa bado laini. Vikiachwa vikakomaa, vinakula maji yote, na baada ya miaka michache mwenye mti anajikuta ana mlimau mtupu na vijiti vikavu vya kumbukumbu juu yake.

Cha tatu ndicho kigumu: nguvu. Matawi hayakui sawa. Ndimu hukimbia, chenza hujivuta. Lenye majani mengi huvuta maji mengi, likivuta maji mengi huongeza majani, na jirani yake hubaki kivulini mpaka likate tamaa. Chenza amelipa upande wa mashariki lipate jua la asubuhi. Kila baada ya mavuno anapogolea, na hapogolei kwa usawa. Ndimu anaikata sana, Valencia kiasi, chenza anaondoa vikavu tu. "Ukikata wote sawa," anasema, "umemsaidia mwenye nguvu." Katika miaka miwili ya mwanzo alikuwa akiyatoa hata matunda machanga ya tawi dhaifu, ili lijenge mbao kabla ya kujisifu kwa matunda. Na kila tawi lina kitambaa cha rangi yake, ili mgeni akipewa mkasi asije akakata chenza lote akidhani ni otea.

Cha nne ni wadudu. Akiona sisimizi wanapanda na kushuka shina kwa msafara, hatafuti sisimizi. Anatafuta vidukari waliko juu, maana sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wao. Kisu hupanguswa kwa spiriti kila kinapotoka tawi moja kwenda jingine. Mti wa namna hii unashiriki maji yote, na kwa sababu hiyo unashiriki maradhi yote. Katika shamba la miti mia, mmoja ukiugua umepoteza mmoja. Hapa ukiugua umepoteza bustani nzima.

Mwaka jana, baada ya masika, utaratibu huu ulikutana na familia yangu. Bibi yetu, mama yake mjomba, alifariki akiacha nyumba Pangani yenye mdanzi mkubwa uani. Achari yetu yote ya utotoni ilitoka kwenye mti ule. Warithi walikubaliana kuuza kiwanja. Asubuhi moja mama mdogo, mdogo wake mjomba, aliingia uani Muheza na mfuko wa nailoni, na ndani yake vijiti vilivyoviringishwa kwenye kipande cha kanga kilicholoweshwa maji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Mdanzi wa mama. Mnunuzi anaukata Jumamosi. Nataka umweke hapa na wenzake."

Mjomba alivipokea vijiti, akavipapasa, akanusa jani. Kisha akasema hataviweka kwenye ule mti.

"Kaka, ni mti wa mama."

"Najua ni wa nani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuchotea maji. Lakini sijui una nini ndani."

Nilijaribu kusaidia kwa njia ninayoijua. Nikaeleza tristeza. Nikaeleza na ule ugonjwa mwingine, huanglongbing, jina la Kichina lenye maana ya ugonjwa wa chipukizi la manjano, unaoenezwa na vijidudu wadogo wanaofyonza utomvu, na unaoweza kujificha mtini muda mrefu kabla ya majani kuonyesha. Nikaeleza kwamba uligunduliwa Florida mwaka 2005 na kwamba katika miongo miwili mavuno ya machungwa ya jimbo lile yameporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Nikaeleza kwamba kijidudu wa Asia anayeueneza alishaandikwa kuwapo Tanzania, Morogoro, mwaka 2016. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hayo ya Florida," akasema, "yanamhusu nini mama?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kuna jibu la haraka. Wote wawili walikuwa na haki. Yeye alijua kwamba Jumamosi kuna kitu kitaondoka duniani. Mjomba alijua kwamba kuna njia ya kumkaribisha ndugu inayowaua waliomo ndani. Kwa miaka miwili nilikuwa nimesoma nyaraka za watu waliopeleka vijiti kutoka bara hadi bara wakiwa na nia njema kabisa, na maradhi yakasafiri ndani ya nia hiyo.

Mjomba ndiye aliyekata shauri. Nyuma ya nyumba ana viriba vya miche ya mlimau. Vijiti vingebebeshwa huko, mbali na mti, chini ya chandarua cha zamani ili kijidudu asiingie wala kutoka. Na akataka mche mmoja wa ndimu uwekwe kipande cha gome la danzi lile lile. Ndimu, akasema, haijui kuficha: ikipata kirusi cha tristeza, mishipa ya majani mapya huangaza ukiyaelekeza kwenye mwanga, kama karatasi iliyolowa mafuta. Baadaye nilisoma kwamba maabara za dunia zimetumia ndimu kwa kazi hiyo hiyo kwa miongo mingi. Yule mkorofi wa mti mkubwa ndiye shahidi anayeaminika.

Mikono ya kukata ilikuwa yangu, kwa sababu mjomba ana mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. Alikaa kwenye kigoda ananiongoza kwa masikio. Mkato wa kulala, mkato wa kusimama, umbo la herufi T, inua gome kwa mgongo wa kisu, jicho lisiguswe upande wa ndani, lisukume lishuke, funga kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. "Usiogope, mjomba," aliniambia, kwa lile jina tunaloitana sote wawili. "Anayeuguzwa ni huyu mwenye kubebeshwa. Jicho litajitegemea likishapona." Nilifunga manne. Yalishika mawili.

Mdanzi wa Pangani ulikatwa Jumamosi ile kama ilivyosemwa. Mama mdogo sasa huja Muheza karibu kila mwisho wa juma. Humwagilia viriba, huinua chandarua, huchagua jani jipya la ndimu na kuliinua kwenye jua, kisha humweleza kaka yake anachokiona, maana yeye haoni. Mpaka sasa mishipa ni ya kijani, haijaangaza. Mjomba anasema tungoje masika nyingine mbili, na dada yake ameacha kubishana.

Nilipokwenda likizo iliyopita niliukuta mti mkubwa umepogolewa. Upande wa mashariki, juu kidogo ya chenza, palikuwa na nafasi ya wazi ambayo sikuikumbuka. Nikauliza ni tawi gani lililotoka pale. Ndimu lilikuwa limepita mpaka kule, mjomba alisema, na limekatwa ili gome la pale lipate jua mapema.